Kisu cha taktiki cha dola elfu mbili: jinsi ya kuisoma bei kabla hujatoa hela

Wakuu, swali linalorudi kila mara ni lilelile, inakuwaje kisu kimoja cha taktiki, yaani cha muundo wa kijeshi wa kazi ngumu, cha kukunja, kiuzwe dola 150 na kingine chenye urefu uleule, kinachokata kamba ileile, kiende kwa dola 2,500 na bado watu wanapanga foleni? Wapo wanaosema ni mbwembwe za wenye pesa tu, na wapo wanaoapa kwamba ukikishika utaelewa mwenyewe. Mi naona kila upande umeshika nusu. Ndani ya bei ya kisu cha kastomu, yaani kilichofanywa na fundi badala ya kiwanda, kuna hela mbili tofauti: kuna hela ya kazi, ile unayoweza kuikagua kwa macho na vidole, na kuna hela ya jina na uhaba, ambayo haimo kwenye chuma kabisa, iko kwa wanunuzi wenyewe. Zote mbili ni halali na sioni ubaya wa kulipia yoyote kati yao, balaa ni pale unapolipia ya pili ukidhani unalipia ya kwanza, halafu siku unataka kuuza ndo unagundua. Kwa hiyo twende pole pole, jinsi ya kuzitenganisha ukiwa bado na pochi yako mfukoni.

Anza kwa kuuliza nani kafanya nini. Kuna visu vya kiwandani, hivyo vinaeleweka. Kuna vya kati, fundi mwenye jina anachora, mashine ya kompyuta inakata vipande kwa mafungu, kisha yeye au vijana wake wanaviunganisha na kuvimalizia kwa mkono. Na kuna vile ambavyo mtu mmoja kwenye karakana yake amesaga bapa (ule upande wa chuma unaokata) mwenyewe, katoboa mwenyewe, karekebisha loki (kile kinachozuia bapa lisijifunge) mwenyewe, kila kitu. Sasa wauzaji wengi wanavichanganya makusudi, kila kitu kinaitwa kastomu. Uliza waziwazi: bapa limesagwa na nani, vipande vimekatwa na mashine gani, chuma kimechomwa wapi? Na usimdharau fundi akikwambia vipande vyake hukatwa kwa maji ya presha na kampuni nyingine, au kwamba chuma hupelekwa kwa wataalamu wa kuchoma chuma, mafundi wakubwa kabisa wanafanya hivyo na haipunguzi kitu. Anayetakiwa kukutia wasiwasi ni yule anayezungukazunguka bila kujibu.

Halafu usiyumbishwe na jina la chuma. Hii ndo sehemu inayowapoteza wengi, mtu anasoma tangazo, anaona S30V, M390, MagnaCut, anaona bei, anaunganisha. Ukweli ni kwamba chuma chenyewe cha kutengenezea bapa moja hakifiki popote karibu na hizo bei, ni makumi ya dola tu. S30V ilitoka 2001 kwa kampuni ya Crucible ya Marekani, na Chris Reeve mtengeneza visu alichangia mawazo yake humo, MagnaCut iliyobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas ikatoka 2021, na vyuma vyote hivyo leo unavipata kwenye visu vya kiwandani vya bei ya kawaida kabisa. Kwa hiyo chuma pekee hakielezi dola elfu mbili. Kinachohusika zaidi ni kilivyochomwa: kinapashwa hadi zaidi ya nyuzi joto 1,000, kinapozwa haraka, kisha kinarudishwa kwenye moto mdogo ili kisiwe kama kioo, na mwisho kinapimwa ugumu kwa kipimo cha Rockwell C, ambapo visu vingi vya aina hii vinaangukia kati ya 58 na 62. Fundi makini atakwambia namba yake bila kusitasita.

Vitu vya mpini ni habari nyingine kidogo. Titaniamu ya kawaida si ghali kihivyo. Lakini ukikutana na Timascus, yaani tabaka za aloi tofauti za titaniamu zilizobanwa pamoja kwa moto, ambazo zikipashwa tena zinatoa rangi za bluu na zambarau, au zikoniamu ambayo ukiichoma inavaa ngozi nyeusi ngumu, au bapa la Damasteel kutoka Sweden lenye michirizi kama maji, hapo malighafi nazo zinaanza kula hela ya maana, na ni ngumu kuzifanyia kazi, zikiharibika mkononi hasara ni ya fundi. Maikata (kitambaa au karatasi iliyogandishwa kwa gundi ngumu) ya zamani iliyokaa ikabadilika rangi ina wapenzi wake pia. Yote haya yanaweza kuongeza mamia ya dola. Maelfu? Mara chache sana.

Sasa tuje kwenye masaa, maana hapa ndipo hela ya kazi ilipo.

Chukulia kisu cha kukunja cha dola 1,000 kinachouzwa na fundi mwenyewe. Toa dola 150 za malighafi. Kama kimemchukua saa 25, na kwa kisu kilichofanywa kwa mkono mwanzo mwisho hiyo si ajabu, imebaki dola 34 kwa saa, na bado hujatoa pango la karakana, umeme, kodi, mikanda ya msasa inayokwisha kila siku, na vile vipande vilivyoharibika vikaenda jalalani bila wewe kuvijua. Ukipiga hesabu hivyo dola 1,000 inaacha kuonekana wizi. Ndo maana mi huwa sishangai bei ya fundi, nashangaa bei ya mtu wa tatu.

Masaa yanaenda wapi? Kwenye loki, kwanza. Visu vingi vya taktiki vya kukunja vinatumia moja ya loki mbili. Laina loki kama tunavyoijua leo ni kazi ya Michael Walker, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ule ubati mwembamba ndani ya mpini unaoruka pembeni na kukaa nyuma ya bapa likifunguka. Fremu loki ni ya Chris Reeve, aliyetoka Afrika Kusini akahamia Idaho mwaka 1989 na kuja na kisu chake cha Sebenza mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye akafanya upande mzima wa mpini wa titaniamu uwe ndiyo loki yenyewe. Ukiangalia unaona kitu rahisi, sehemu chache mno. Lakini uso wa loki na kisigino cha bapa vinakutana kwa mteremko wa nyuzi chache tu, saba nane hivi, ukikosea kidogo loki inateleza ukibonyeza mgongo wa kisu, ukikosea upande wa pili inang'ang'ania hadi kidole kinauma kuifungua. Titaniamu ikigusana na chuma kigumu ina tabia ya kunata na kulika, kwa hiyo fundi mzuri ama anaupiga uso wa loki tabaka la kabaidi, kitu kigumu sana, au anaweka kipande cha chuma kinachobadilishika. Kiwandani wanapima, wanaweka kiwango cha kukubalika, kisu kinachofuata. Fundi wa kastomu anafungua, anakwangua pumzi moja ya chuma, anaunganisha, anajaribu, anafungua tena. Na tena.

Kuna na ile gololi ndogo iliyopachikwa kwenye loki, inayoingia kwenye kishimo cha bapa ili kisu kisijifungue mfukoni. Kwenye visu vya flipa, vile vya kubonyeza kidole nyuma bapa likachomoka, gololi hii ndiyo roho ya kisu. Kishimo kikikaa pembeni kwa unene wa unywele bapa linatoka kivivu au halitoki kabisa, kikiwa na kina zaidi ya kiasi unavunja kucha. Ndo maana flipa nzuri ukiibonyeza unasikia mlio mmoja mkavu, haina nusunusu.

Halafu kusaga. Bapa linasagwa kwenye mashine ya mkanda wa msasa, ile maarufu ya inchi 2 kwa 72, na wengi wa wale wakali hawatumii kishikizo, ni mikono tu. Upande wa kulia na wa kushoto lazima vifanane, mstari unapoanzia mteremko karibu na mpini uwe sambamba pande zote, ncha iwe katikati. Akimaliza, kama bapa ni la kung'arishwa kwa mkono, anashuka kwenye msasa wa karatasi, namba 220, 400, 800 na kuendelea, mikwaruzo yote ielekee upande mmoja, mmoja tu ukikatisha anarudi nyuma. Ni kazi ya kuchosha mno, ingawa picha za mtandaoni zinaficha tofauti kati yake na kazi ya mashine.

Ukipata nafasi ya kukishika kisu chenyewe, omba ruhusa kwanza, na usishike bapa kwa vidole, jasho linaacha alama kwenye chuma kilichong'arishwa na mwenye kisu atakununia. Kifunge utazame kwa juu, bapa linakaa katikati ya mpini au limeegemea upande? Kifungue, litikise bapa kushoto kulia na juu chini, lisicheze hata kidogo. Tazama loki imeingia kiasi gani nyuma ya bapa, robo hadi nusu ya upana ni sawa, ikiwa imevuka hadi mwisho kwenye kisu kipya kuna walakini, na ikiwa imegusa tu ukingoni mwambie fundi. Elekeza mgongo wa kisu kwenye taa uone mistari ya kusaga. Halafu chungulia ndani ya mpini, mahali ambapo hakuna anayetazama. Fundi aliyelainisha kingo za ndani na kumalizia sehemu isiyoonekana huwa amefanya vivyo hivyo kwenye loki, na aliyeacha alama za mashine mle ndani wakati anakudai dola 1,800, hmm. Na tafadhali, mambo ya kugonga mgongo wa kisu mezani ili kujaribu loki acheni, hayapimi kitu na unaharibu mali ya watu.

Hapo umemaliza hela ya kazi. Mi kwa mtazamo wangu ukikagua hivyo utakuta kazi yenyewe, hata ya kiwango cha juu kabisa, mara nyingi inajieleza hadi elfu moja na kitu, elfu mbili na vya mpini vikiwa vya kifahari. Kinachozidi hapo ni jina.

Na jina si upuuzi. Bob Terzuola ni mmoja wa waliozifanya folda (visu vya kukunja) za taktiki ziwe fani ya kueleweka, ukinunua kisu chake unanunua mwanzo wa fani. Ernest Emerson alitengeneza kisu cha CQC-6 kilichopata umaarufu kwa kubebwa na Navy SEALs, makomando wa jeshi la majini la Marekani, na ile ndoano ya mgongoni inayofungua kisu wakati unakitoa mfukoni ni yake. Kit Carson, mwanajeshi mstaafu wa Marekani, alisaidia sana kuisambaza flipa na mchoro wake wa kisu cha M16 ukaenda kiwandani ukauzwa dunia nzima. Bob Loveless, aliyefariki 2010, huyu alikuwa wa visu visivyokunja na wala si wa taktiki peke yake, lakini kila mtu aliyekuja baada yake amemuiga kwa namna fulani, visu vyake vinauzwa maelfu ya dola na vingine makumi ya maelfu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama jina lina uzito jiulize, huyu mtu alileta nini ambacho hakikuwepo? Kama kuna jibu la sentensi moja, jina litadumu. Kama jibu ni kwamba ana wafuasi wengi na kila mtu anamzungumzia mwaka huu, kaa chonjo.

Kwa upande wa visu vya kufua kwa nyundo kuna kitu kizuri ambacho folda za taktiki hazina. Chama cha American Bladesmith Society, kilichoanzishwa 1976, kinampa mhunzi mtihani: kisu chake kikate kamba nene ya inchi moja inayoning'inia kwa pigo moja, kikate ubao vipande mara mbili, baada ya hapo bado kinyoe nywele za mkono, kisha kikunjwe nyuzi 90 kisivunjike. Akifaulu kuna cheo. Kwenye folda hakuna kipimo cha namna hiyo, sifa inategemea midomo ya watu, na midomo ya watu ina mihemko.

Uhaba sasa. Fundi mmoja anatoa visu vichache kwa mwaka, hilo halina mjadala. Orodha ya kusubiri inajaa hadi anafunga vitabu, hapokei oda tena. Randall Made Knives wa Orlando, Florida, wanajulikana kwa foleni ya miaka, na hao si hata mtu mmoja, ni karakana nzima. Kwenye maonyesho, kama Blade Show inayofanyika Atlanta kila mwaka, mafundi wanaogombaniwa hawauzi kwa aliyewahi, wanafanya bahati nasibu, unaandika jina unatumbukiza, likitoka unanunua kwa bei ya fundi. Na hapo ndo utaelewa bei mbili za kisu kimoja: aliyebahatika analipa 900, anatoka nje ya ukumbi, anauza 1,800 kabla hata ya chakula cha mchana. Kwa nini fundi mwenyewe asiuze 1,800? Wengine wanaogopa kupandisha halafu soko likageuka wakashindwa kushuka, wengine wanataka wateja wao wa siku zote waweze kumudu, na foleni nayo ni tangazo la bure.

Kwa hiyo swali la kuuliza kila ukiona bei kubwa ni hili, hii ni bei ya fundi au ya mlanguzi? Tafuta bei ya fundi, kwenye ukurasa wake au kwa kumwandikia. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo hela ya uhaba, na hiyo inaweza kuyeyuka. Mfano mzuri ni XM-18 ya Rick Hinderer, ambaye alikuwa zimamoto huko Ohio. Kuna miaka kisu hicho kilipatikana kwa shida sana na mikononi mwa watu kiliuzwa ghali kupita kiasi ukilinganisha na bei ya kutoka kwake. Karakana ilipoongeza uzalishaji bei ya mikononi ikaporomoka. Kisu hakikubadilika ubora, tena kilizidi kuboreshwa, walioumia ni walionunua kileleni wakidhani wameweka akiba. Juu ya hapo wakaja watengenezaji wa China kama Reate na We Knife wenye mashine sahihi sana, wanatoa flipa inayobonyezeka vizuri, titaniamu imemaliziwa kisafi, kwa sehemu ndogo ya bei, na wale mafundi wa kastomu ambao sifa yao pekee ilikuwa bapa linatoka vizuri wakajikuta pagumu.

Ukifika kwenye soko la mkono wa pili tazama bei ambazo visu vimeuzwa kweli, achana na bei za kuomba, mtu anaweza kuomba chochote. Ulizia pia kimekaa muda gani bila kupata mteja. Hali ya kisu ni kila kitu kwa wakusanyaji, bapa lililonolewa hata mara moja linashusha bei, lililong'arishwa upya na mtu asiye fundi wake linashusha zaidi, kwa hiyo kama shida yako ni kisu cha kutumia, hicho kilichonolewa ndo bahati yako, kazi yote ipo na hela ya jina imepungua. Na hadithi ya kwamba fundi akifa bei inapanda usiibebe kama sheria. Inapanda kwa wale ambao jibu la sentensi moja lipo. Wengine wakiondoka wanaowakumbuka nao wanapungua.

Feki zipo tele. Sebenza, Hinderer, Strider (jina jingine la visu vya Marekani), zote zina nakala za bei rahisi zenye nembo na boksi kabisa, na Loveless wa kughushi wanazunguka hadi kwa watu wanaojiona wajuzi. Dai picha za karibu za nembo, loki, skrubu na sehemu ya ndani, dai karatasi ya asili na historia ya nani alikinunua kwa nani. Kama fundi yuko hai mtumie picha, wengi wanajibu na wanaitambua kazi yao papo hapo. Kama amefariki, tafuta mjuzi wa visu vyake kabla ya kulipa. Muuzaji akikuharakisha, mwache.

Sheria nayo, fupi tu: kabla ya kununua angalia kama unaruhusiwa kukimiliki, kukibeba na kukiingiza mahali ulipo. Marekani ina sheria ya shirikisho ya 1958 inayobana biashara ya visu vya springi baina ya majimbo, na kila jimbo lina yake. Uingereza kisu cha kukunja chenye loki huwezi kukibeba hadharani bila sababu ya msingi, hata kiwe kidogo kiasi gani. Mipini ya pembe za ndovu usiiguse kabisa kama kisu kinavuka mpaka, hata pembe za mamothi zilizochimbuliwa kuna sehemu zinaleta matatizo, forodha wakikichukua hakuna wa kukurudishia.

Ukishaamua kulipa, lipa kwa njia yenye kinga ya mnunuzi, epuka zile za kumtumia rafiki, na mzigo uwe na bima ya thamani kamili. Mzigo ukifika ufungue huku unajirekodi, namba ya kisu na hali ya bapa vionekane. Boksi, karatasi, ala au kipochi, hata barua fupi ya fundi kama ipo, weka vyote pamoja. Na kabla hujashika bisibisi ili uone ndani kulivyo, mwandikie fundi umuulize, maana kuna ambao kukifungua kisu kunaua garantii, na skrubu iliyokwaruzwa kichwa mnunuzi wako wa kesho ataiona kabla hajaliona bapa.